Ajali Haina Kinga, Kichwa Kinayo

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi chini ya mkungu, Ngamiani, Tanga, mbele ya vijana wa bodaboda na kina mama wa mtaa. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa, ahsante kwa nafasi, na ahsante zaidi kwa kiti. Vijana, zimeni pikipiki tusikilizane. Wewe uliyepata abiria mpeleke, kisha urudi. Riziki haisubiri hotuba.

Wengi mnanijua. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi katika chumba cha majeruhi. Hapa mbele yangu namwona mtu niliyemshona kisogo akiwa darasa la tatu, alipoanguka kwenye mwembe wa jirani. Maembe alikuwa anaiba. Simtaji. Ameshainama mwenyewe.

Kwenye sahani hii nimekuja na ubongo wa mbuzi. Kina mama msigeuze nyuso, mbona mchuzi wake mnaula. Nimeupitia buchani saa moja asubuhi. Sogeeni muone. Naubonyeza kwa kidole gumba, taratibu, wala sijatia nguvu. Mmeona? Shimo limebaki, halirudi. Wa kwako ni laini hivi hivi, tofauti ni ukubwa tu: wa mtu mzima una kilo moja na nusu kasoro kidogo. Umefunikwa na utando, umezungukwa na maji, na maji hayo yote ukiyakusanya, ya nje na ya ndani ya ubongo, hayazidi kikombe kidogo cha chai. Halafu ndipo linakuja fuvu.

Fuvu ni gumu, na ugumu huo ndio unaotudanganya. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo wenyewe haujapata habari, unaendelea na safari. Unajipiga kwenye ukuta wa mbele, unarudi unajipiga kwenye ukuta wa nyuma. Ndiyo maana mtu anaangukia kisogo, kipimo kikaonyesha ulioumia ni ubongo wa nyuma ya kipaji cha uso. Na kichwa kikizungushwa kwa nguvu, zile nyuzi nyembamba za ndani zinavutika na kukatika, ngozi ya nje ikiwa haina hata mkwaruzo. Nimewapokea watu wa namna hiyo. Ndugu wanasimama pembeni wanasema, "Nesi, huyu hana jeraha."

Sasa hesabu kidogo, vijana, tena ni ya kwenu. Tanga ni mji wa minazi, urefu wa mnazi tunaujua. Mtu aliyesimama tu, akianguka kama gogo bila kujizuia kwa mikono, kichwa chake kinafika chini kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa au zaidi. Huyo hajapanda chochote, ameteleza bafuni. Pikipiki iliyo kwenye 50, kichwa kikikutana na nguzo ya umeme, ni sawa na kuanguka kutoka mita 10. Huo ni mnazi uliokwisha kuzaa. Ukiwa kwenye 80, ni mita 25. Minazi mingi ya hapa haifiki huko.

Mkwezi akitaka kupanda mnazi wa mita 10 anavua viatu, anakagua kitanzi chake cha miguuni mara mbili, anaupiga mnazi kofi kuusikiliza. Anaswali moyoni. Akiwa juu hacheki na mtu. Wewe mwanangu unapanda mnazi huo huo kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mkono mmoja umeshika simu, na kofia ngumu umeitundika kwenye kiwiko. Kiwiko hakina ubongo! Ukimwona trafiki ndipo unaivaa, ukishampita unaivua, kana kwamba kofia ile unamvalia yeye.

Nikisema hivi huwa najibiwa neno moja: "Mama, ajali haina kinga." Nimelisikia kwa majeruhi, nimelisikia kwa ndugu zao, nimelisikia makaburini. Kwa ajali, labda ni kweli. Mbuzi atakatiza barabara, tairi litapasuka, dereva wa lori atasinzia. Lakini nani kasema kichwa hakina kinga? Na wale wanaoniambia mambo ni kudra, nawauliza hivi: hapa tulipo panaitwaje? Ngamiani. Basi nanyi mnaijua hadithi ya yule mtu na ngamia wake, aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia ndipo atawakali, yaani amwachie Mungu, au amwachie huru na kutawakali. Akaambiwa mfunge, kisha tawakali. Sisi watu wa Ngamiani ndio tungekuwa wa kwanza kuielewa.

Niletee ule mfuko. Hizi ni kofia mbili. Nilimpelekea seremala, akazikata katikati kwa msumeno kama mtu anavyopasua nazi. Alinishangaa, lakini alikata. Hii ya kwanza, tazameni ukingo. Nje kuna ganda gumu. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, nene kama vidole viwili, lile lile linalozungushiwa televisheni ndani ya boksi. Kisha kitambaa. Kazi ya ganda ni kuutawanya mshindo usikae mahali pamoja. Kazi ya povu ni kupondeka. Linapondeka ili usipondeke wewe, tena linapondeka mara moja tu, halirudi, kama ubongo huu wa mbuzi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha pigwa barabarani kwa nguvu, hata kama nje inang'aa, imemaliza kazi. Usimuuzie mwenzio.

Ya pili hii. Nje ni nzuri kuliko ile, ina hata mchoro wa simba. Ndani? Ganda jembamba na sponji. Sponji ya godoro! Bonyeza kwa kidole, kimefika upande wa pili. Hii ni kofia ya kukwepea faini. Bora hata ungevaa sufuria, tungejua unatania.

Na mkanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa ndiyo inayotangulia kuruka, kichwa kinafuata nyuma kikiwa wazi. Nimeletewa majeruhi na kofia yake ikaletwa baadaye na msamaria kwenye mfuko wa rambo, haina mkwaruzo. Ukiufunga, vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na kidevu.

Utafiti wa nchi mbalimbali ulipokusanywa pamoja, ulionyesha kuwa kofia ya pikipiki inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Msiseme ni habari za Wazungu tu. Fuvu la Mzungu na langu vilitoka kiwanda kimoja.

Ila Mzungu naye alifundishwa na msiba. Mwaka 1935 huko Uingereza kulikuwa na mtu maarufu, T. E. Lawrence, aliyevuma kwa vita vya Uarabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipenda pikipiki kama nyie. Tarehe 13 Mei alikuwa barabarani, ghafla mbele yake watoto wawili wa kiume juu ya baiskeli. Akawakwepa, akarushwa. Pikipiki moja, baiskeli mbili: si Barabara ya Nane ya hapa kwetu hiyo jamani? Hakuvaa kofia. Alilala siku 6 hajitambui, akafa, umri wake miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakuliacha jambo lile. Vita ya Pili ilipoanza, akaanza kuwahesabu wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita walikufa waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 barabarani, nje kabisa ya mapigano. Jeshi likaanza kuwavalisha kofia wapanda pikipiki wake. Raia wa kawaida walilazimishwa na sheria mwaka 1973, miaka 38 baada ya Lawrence. Mwaka huo huo wa 1973 ndio Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, ile yenye kibao cha 50 mnachokipita hapo mkiwa mmelala juu ya tangi.

Mishikaki. Mmecheka, lakini jina hilo mmelitoa wenyewe. Mama, mtoto, mtoto mwingine na ndoo ya samaki juu ya pikipiki moja, na kofia moja, ya dereva. Kina mama, nawageukia nyie sasa. Mnakaa upande upande na baibui, mtoto yuko mbele ya dereva juu ya tangi kama bendera. Mkiambiwa kofia mnasema inanuka, inaharibu nywele, ushungi hautoshi. Inanuka, sikatai. Jasho la abiria kumi wa mchana wa Tanga si marashi. Dawa yake ni kitambaa chepesi: kata kanga kuukuu vipande, uwe nacho kimoja kwenye mkoba, ukivae chini ya kofia. Ushungi wa pamba mwepesi unaingia vizuri, ule wa kukunjwa mara tatu na pini ndio usioingia. Na wewe dereva, ianike kofia juani mchana, na kitambaa cha ndani ukifue Ijumaa. Abiria akiikuta safi ataivaa bila kusukumwa.

Baiskeli zetu nazo. Mji huu unasifiwa kwa baiskeli, na tuna haki ya kujivuna. Lakini mtoto anayepakiwa kwenye keria bila pa kuweka miguu, mguu ukiingia kwenye spoku, baiskeli inasimama papo hapo na wote wawili wanaangukia kichwa. Fundi anaweza kuweka wavu na vikanyagio siku hiyo hiyo. Hilo nimelisema, napita.

Nataka nikae zaidi nyumbani, kwa sababu barabara ina trafiki na nyumba haina.

Mzee wa miaka 70, saa tisa usiku, anaamka kwenda msalani. Taa imezimwa kuokoa umeme. Amevaa ndara zilizolika mpaka unaona sakafu kupitia kisigino. Mlangoni kuna mbuzi ya kukunia nazi, aliiacha mjukuu. Bafuni kuna vigae, tulivyoviweka kwa ajili ya harusi ya mwaka juzi, na juu yake povu la sabuni la mtu aliyeoga mwisho. Mimi mwenyewe niliteleza kwenye vigae hivyo hivyo, mwaka jana, nikashika ndoo, ndoo ikaja nami. Nilipata nundu ya panjani na aibu, basi. Wiki ile ile nilimwita fundi bomba, akanifungia kipande cha bomba la chuma ukutani pembeni ya choo. Nilinunua mkeka wa mpira. Ndara nilizitupa. Sijafanya matumizi ya maana kuliko hayo tangu nistaafu.

Na wazee wana jambo lao. Umri ukienda, ubongo unasinyaa kidogo, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wa fuvu inavutika kama kamba ya nguo. Mshindo mdogo tu unaweza kuikata. Damu haitoki kwa kishindo, inachuruzika siku hadi siku, wiki mbili, wiki sita. Mzee ameshasahau kwamba alijigonga kwenye mlango wa daladala. Anaanza kuyumba, mguu mmoja unaburuta, anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Mtaani tunasema uzee. Wengine, nanyi mnaijua Tanga yetu, wanasema amechezewa, kuku mweusi anatafutwa. Kuku mleteni baadaye kama lazima. Kwanza mpelekeni hospitali, na mkifika semeni aligonga kichwa, hata kama ni mwezi uliopita, na kama anatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi zitajeni. Damu ile ikigundulika mapema hutolewa, na mzee anarudi kwenye bao lake.

Watoto wachanga. Mtoto akilia usiku kucha, mama amechoka, baba amechoka, mtu anamshika mabegani na kumtikisa. Msithubutu. Kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza, na ubongo unapigwapigwa humo ndani. Mlaze kitandani chali, toka nje, kaa barazani dakika kumi. Kilio hakijaua mtoto.

Haya. Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema miaka mingi.

Nilikuwa nina kaka yangu, tunayefuatana. Nilikuwa muuguzi mpya, sare bado ina mikunjo ya dukani. Jioni moja alitoka kazini kwa baiskeli, akagongana na mkokoteni, akaangukia ubavu wa kichwa, hapa panjani. Walimwona amezimia kama dakika moja hivi. Akaamka, akajipangusa, akapanda baiskeli akaja nyumbani. Alituhadithia huku anacheka. Alikula wali na samaki, akaomba chai. Baadaye akasema kichwa kinamuuma, akatapika. Mama akaniuliza, "Wewe si umesoma, tufanye nini?" Nikampa kaka yangu vidonge vya aspirini, nikamwambia kalale, umechoka.

Usiku nilimsikia akikoroma. Alikuwa hakoromi, yule. Ulikuwa mkoromo mzito, wenye mapengo. Nililala chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu, nikausikiliza, nikalala. Alfajiri haamki. Nilimfunua jicho la kulia: mboni imetanuka imejaa jicho zima. La kushoto dogo. Hapo ndipo niliposoma kitabu chote upya, nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka. Tulimzika siku iliyofuata, baada ya adhuhuri.

Mfupa wa panjani ni mwembamba, na nyuma yake kuna mshipa wa damu unaopita. Mfupa ukipasuka hapo, mshipa nao unaweza kukatika. Mtu anazimia, anaamka, anakuwa mzima kabisa, anazungumza, anacheka, na wakati huo huo damu inajaa kati ya mfupa na utando, inausukuma ubongo. Huchukua saa moja, au saa tatu, au saa sita. Kule kuamka ndiko kunakotulaghai. Watu hawa wakitobolewa fuvu kwa wakati, wengi wao huishi. Wakati ndio wenyewe: ikibidi apelekwe Dar es Salaam, kutoka hapa ni kilomita 350 hivi, kwa hiyo saa mnayoipoteza nyumbani hamtaipata njiani.

Kwa hiyo sikilizeni. Aliyepigwa kichwa akazimia, hata kwa dakika moja, anakwenda hospitali, acheke asicheke. Anakwenda pia akitapika mara ya pili, maumivu yakizidi badala ya kupungua, akianza kusema ovyo au kuuliza swali lile lile, akipata degedege, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, maji au damu zikitoka puani au sikioni, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine. Mtoto mchanga, ongeza: akikataa ziwa, au utosi ukivimba. Usimpe aspirini wala diklofenaki, zinaweza kuzidisha kuvuja. Na akinuka pombe msiseme ni pombe tu. Mlevi ana ubongo pia, na ndiye aangukaye zaidi.

Usingizi wenyewe si adui, watu wananiuliza sana hilo. Adui ni damu inayojificha nyuma ya usingizi. Aliyegongwa kidogo, hakuzimia, hana dalili hata moja kati ya hizo, na alale. Lakini usiku ule wa kwanza kuna mtu wa kumwamsha kila baada ya saa mbili, amuulize jina lake na la mtoto wake wa mwisho. Akijibu kwa hasira mshukuru Mungu.

Na aliyeanguka vibaya barabarani msimwinue kwa kwapa, msimkalishe katikati ya wawili juu ya bodaboda, kichwa kinaning'inia. Shingo inaweza kuwa imevunjika pamoja na fuvu. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mgongo, wengine mtafute mlango, ubao, benchi la kahawa hilo. Anayetapika mgeuzeni kwa ubavu, mwili mzima kwa pamoja kama gogo. Kofia msiivue kwa kuvuta, ila kama hapumui. Maji msimmwagie, maji msimnyweshe.

Mpira: kijana akigongwa kichwa akaona nyota, anatoka, na siku hiyo harudi uwanjani hata kama ni fainali ya mitaa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona la kwanza limeshaua vijana wenye afya. Wanaojirusha baharini kichwa kichwa pale Raskazone, angalieni kwanza maji yamejaa au yamekupwa. Na banda la chai lililo chini ya mnazi wenye nazi, mwenye banda aite mkwezi aziangue. Nazi ikitoka mita 20 inafika chini na kasi ya kilomita 70 kwa saa, haina breki wala honi.

Kuna anayenyoosha mkono kule. Ndiyo, baba.

Anauliza kama aliyepona huwa mzima kabisa. Wengi wanapona, ahsante Mungu. Wengine wanarudi nyumbani wanatembea, wanakula, na mtaa unasema amepona. Namjua dereva wa bajaji aliyekuwa hesabu ya chenji anaifanya gizani, kwa kugusa noti tu. Sasa anampa abiria noti nzima na kumtakia safari njema. Akikosolewa anawaka, na zamani alikuwa mpole. Mkewe aliniambia watu wanamwona jeuri. Si jeuri. Ni hapa, nyuma ya kipaji. Mkimkuta mtu wa namna hiyo kijiweni, mrudishieni chenji yake.

Jua linapanda na ubongo wangu huu utaharibika. Leteni kofia zenu hapa mezani, zote, tuzibonyeze moja moja kwa kidole. Zenye sponji tutaziweka kushoto. Anza wewe mwenye fulana ya timu ya Coastal Union, uliyeificha nyuma ya mgongo.